Kamba Iliyoonekana Beni Peke Yake

Butembo, tarehe 4 mwezi wa munane 2025

Kwa Gamaliel Maliro, mutoto wa kaka yangu,

Wavukire. Huku tuko wazima, ao tunajidai wazima. Mume wangu Apollinaire bado anakohoa na bado anakataa kuonana na munganga. Anasema kikohozi chake kimesoma kuliko munganga yule. Élysée amepata diplôme d'État ya kumaliza sekondari. Wenzake walimumwangia poudre ya uso kwa furaha mpaka akafanana na muoka mikate wa boulangerie, na mimi mama yake nililia mbele ya watu, jambo ambalo silipendi. Salimia mama yako, kama anapokea salamu zangu.

Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako inalia na wewe hupokei. Tangu mwezi wa tatu hupokei. Nimejiambia, mutoto ana kazi nyingi. Basi ninampa Bénite barua hii, yeye anayepeleka viazi Beni kila juma. Mufuko mumoja ni wenu.

Sasa sikiliza. Siku ya posho, yaani Jumamosi, nilisoma kwenye internet tangazo la ile équipe ya watafiti wa Ulaya unayofanya nayo kazi. Wameeleza vizuri, hapo siwakatalii. Jua halitoi mwanga tu, linatema upepo wa chembe zenye umeme, na upepo huo unabeba sumaku ndani yake. Hautembei kwa utulivu. Unatembea kama mto Semuliki wakati wa mvua: muzunguko mukubwa unavunjika kuwa mizunguko midogo, midogo nayo inavunjika, mpaka nguvu yote inakwisha kwa kugeuka joto. Na katikati ya vurugu hiyo, mara moja moja, sumaku inajisokota kuwa kamba, kamba nene kuliko dunia hii yetu, na inasafiri nzima ndani ya machafuko. Hivyo hivyo ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wangu, na hawasinzii.

Usiku mumoja wa mwezi wa tatu kamba ya namna hiyo ilipiga dunia. Satelaiti ziliiona kwa jumla. Lakini mashine moja tu ya ardhini ya kupima sumaku, katika vituo vyote vya dunia, ilionyesha nyuzi zake za ndani, moja moja, zinavyojikunja. Kituo cha Beni! Muji ambao dunia inautaja tu wakati wa kuhesabu maiti.

Nikateremka chini kusoma majina. Majina saba. Nikasoma tena. Hakuna Maliro. Hakuna mutu hata mumoja wa Beni. Kumbe kituo kilijichimba chenyewe, kikajifunika chenyewe, kikajilinda chenyewe usiku watu walipokuwa wanakimbia! Nani alitoa kiwanja? Kaka yangu Ézéchias. Nani alitengeneza sanduku la kuwekea mashine kwa mbao na vijiti, bila musumari hata mumoja, kwa sababu chuma kinadanganya mashine? Kaka yangu. Nani alipalilia pale kwa mikono yake kama mutu anayechagua mawe ndani ya mchele, kwa kuogopa kuleta jembe karibu? Kaka yangu. Na nani anasoma vipimo kila asubuhi? Wewe.

Kesho yake, siku ya yenga, nilisema yote hayo kwenye radio, ndani ya émission yangu. Nilisema bila kumung'unya. Sasa ni zamu yako. Waandikie, dai jina lako. Mutu anayenyamaza wakati anaibiwa, anamushikia mwizi taa.

Mimi shangazi yako,
Orpa Kaswera


Beni, tarehe 27 mwezi wa munane 2025

Shangazi,

Tumepokea viazi, tunashukuru. Mama ni muzima. Kakao imeanza kuiva, lakini wezi wanaivuna mbele yetu, kwa hiyo tunaivuna mbichi kidogo. Pongezi kwa Élysée. Muambie asiharakishe kuchagua masomo. Pole kwa kikohozi cha baba Apollinaire.

Mambo ya jina langu, tuyaache. Usiyaseme tena kwenye radio, ninakuomba. Usiandikie mutu yeyote.

Simu sitapokea. Karatasi inanipa muda wa kufuta.

Gamaliel


Butembo, tarehe 9 mwezi wa kenda 2025

Gamaliel,

Salamu kwa nyumba yote. Hapa mvua imerudi na barabara ya kwetu imekuwa supu. Apollinaire amekubali mwishowe kwenda kwa munganga, na amerudi na dawa ambazo hamezi.

Barua yako ni fupi kama barua ya mutu anayedaiwa. «Tuyaache.» Nani alikufundisha neno hilo? Baba yako hakuwa mutu wa tuyaache. Alisimama mbele ya askari waliotaka kupanda antena yao katika kiwanja chake na akawaambia, «Hapa chuma haiingie, hata kama ni ya serikali.» Na wao wakaenda kuipanda kwa jirani!

Nimefikiri sana juu ya uoga wako, na nimekasirika zaidi. Angalia nchi hii inavyokaa. Dhahabu inatoka Manguredjipa ndani ya mifuko ya suruali, na inapata jina lake ikishafika nchi ya watu. Mbao na kakao zinapita mpakani Kasindi, na upande wa pili wa kizuizi zinageuka kuwa mali ya wengine. Nilidhani walikuwa wamemaliza vyote. Hapana. Walikuwa wamesahau kitu kimoja, kutetemeka kwa sindano ya sumaku chini ya udongo wa Beni, wakati upepo wa jua unapita juu ya vichwa vyetu. Sasa hicho nacho kimevuka. Na mwenyewe anasimama kando ya njia, anapunga mukono!

Juzi ndani ya salle des professeurs, Kahongya, mwalimu wa histoire, alinichokoza mbele ya wote. Akasema, «Mwalimu Orpa, ile mutoto ya kaka yako anaogopa bazungu ao ni weye njo anaogopa?» Nikamuambia, «Kahongya, weye ulishaogopa hata inspecteur ya kata, nyamaza kwanza.» Wakacheka. Lakini neno lake lilinichoma mpaka nyumbani.

Basi nimefanya ambalo wewe hukutaka. Nimemuandikia professeur wao mwenyewe. Anwani yake iko chini ya tangazo, haikufichwa. Nimemueleza nani alichimba, nani alipima. Nimetumia kifaransa changu cha hasira, kile kizuri. Na amejibu kwa siku tatu! Anaomba radhi. Anasema orodha ile ilikuwa ya haraka, na ndani ya article yenyewe jina lako litakuwa la pili, nyuma ya lake. Zaidi ya hayo, nafasi ya thèse waliyokuwa wanasitasita kukupa, sasa wataifungua mwezi wa kwanza, kwa sababu ya ile kamba ya Beni. Soma tena: kwa sababu ya ile kamba. Mutoto wa kaka yangu atakuwa docteur.

Usiniandikie asante ikiwa huiwezi. Lakini usiniandikie tena tuyaache.

Orpa Kaswera


Beni, tarehe 30 mwezi wa kenda 2025

Shangazi Orpa,

Tuko wazima. Mama anapalilia. Hakuna habari nyingine ya nyumba.

Umefanya nililokuomba usifanye, na sasa ninalazimishwa kusema nililotaka kunyamazia. Kwa hiyo soma polepole, mwalimu.

Kamba ile ilionekana ardhini Beni peke yake. Ulifurahi sana juu ya neno «peke yake». Wewe unayefundisha physique miaka yote hii, hukujiuliza hata siku moja kwa nini Uganda haikuona kitu? Kwa nini Kenya haikuona? Dhoruba ya jua ni kubwa kuliko dunia, wewe mwenyewe umeandika hivyo, halafu inachagua kiwanja kimoja kando ya Beni kukionyesha nyuzi zake na kuwanyima wengine wote?

Sasa angalia tarehe. Tangazo limeiandika wazi, lakini wewe katika barua yako uliandika «usiku mumoja wa mwezi wa tatu». Wewe! Mutu anayesahihisha tarehe za historia kwenye radio ya watu. Usiku wa tarehe 22, Shangazi. Baba alikufa tarehe 21. Usiku wa 22 ulikuwa usiku wa kilio.

Hukusahau. Ulikataa kuangalia.

Nikueleze namna kamba ilivyosokotwa, maana wewe hukuwako. Saa za jioni gari iliyobeba jeneza la baba iliingia polepole ndani ya kiwanja, kwa kurudi nyuma, ikasimama kwenye majani yale yale aliyoyapalilia kwa mikono. Hapo ndipo sumaku ilianza kuzunguka taratibu, vizuri sana, kama kwenye vitabu. Halafu watu wa kanisa walileta bâche, yaani turubai, na bâche ile inasimama juu ya mabomba ya chuma. Walileta viti vya chuma. Walileta groupe ya kutoa umeme kwa ajili ya taa. Watu waliingia na kutoka usiku kucha, kila mutu akisogeza kiti chake karibu na jirani yake, kwa kuwa kulikuwa baridi. Zile ndizo nyuzi za ndani. Ile ndiyo vurugu nzuri ambayo professeur ameipigia mahesabu kurasa kumi na nne. Asubuhi gari iliondoka na baba, na sumaku ikarudi mahali pake. Kamba imepita.

Dhoruba ya kweli ilikuja usiku ule ule, ndiyo. Lakini ile ya kweli, hapa kwetu, haionekani hata kidogo. Imezama chini ya viti.

Utaniuliza kwa nini sikuwazuia. Ungethubutu wewe? Ningesimama mbele ya wazee wa kanisa niseme, «Babu, peleka kiti yako mbali, unaharibisha mashine»? Kilio kinakaa kwa mwenye kufa. Kiwanja kilikuwa chake, mashine ilikuwa mugeni wake. Nilimuona muzee mumoja ameketi juu kabisa ya kifuniko cha mashine, analia na kofia yake mikononi, na nikamuletea kahawa.

Mashine inatuma vipimo yenyewe. Nilipoamka kutoka katika kilio, wao walikuwa wameshafurahi. Nilitaka kusema. Halafu nikasikia harufu ya thèse, na nikajiambia: jina langu haliko, uongo si wangu, wacha upite. Ndiyo sababu nilikuomba unyamaze. Umenitia jina la pili juu ya uongo, kwa nguvu, na ukaomba usishukuriwe. Sikushukuru.

Sasa jambo la mwisho, na sitalirudia. Siku ya kilio ulituma ujumbe kwamba huwezi kuja, barabara imefungwa. Bénite alipita barabara ile ile siku ile ile na mufuko wa maharage kwa ajili ya kilio. Na saa mbili ya usiku muzee fulani alifungua radio yake ndogo kusikiliza habari, na badala ya habari tukasikia sauti yako. Moja kwa moja kutoka Butembo, pamoja na watu wanaopiga simu. Ulikuwa unabishana na mushauri wa mairie, ofisi ya muji, juu ya takataka za soko. Chini ya bâche hakuna aliyeizima radio, maana kuizima ilikuwa kukubali kwamba tumesikia. Mama alisimama akaingia jikoni. Tulikusikiliza mpaka mwisho, Shangazi. Ulishinda, kama kawaida.

Leo nimemuandikia professeur ukweli wote. Thèse itakufa, najua. Fanya émission juu ya hiyo.

Gamaliel Maliro


Butembo, tarehe 16 mwezi wa kumi na moja 2025

Gamaliel,

Apollinaire amelala hospitali siku chache, amerudi. Élysée ameanza masomo ya agronomie. Sikuandika mapema. Nilianza barua nne, na kila moja ilikuwa inataka kukushinda, na niliposoma nilizipasua.

Juu ya radio sitaandika kitu. Si kwa karatasi.

Juu ya physique: una haki, na mimi nastahili kurudishwa darasa la kwanza. Kitu kinachoonekana na mashine moja tu, kwanza unachungulia chini ya mashine. Ninawapa wanafunzi sifuri kwa kosa dogo kuliko hilo. Siku ya yenga iliyopita nilifungua micro na nikasema, «Kamba ya Beni haikuwako. Mimi Orpa niliwadanganya, kwa sababu nilitamani iwepo.» Kahongya alipiga simu ndani ya émission ili anicheke. Nilimuacha acheke mpaka credit yake ikaisha.

Lakini usidhani hasira yangu imekwisha. Imepata mahali pake.

Professeur amekujibu, na kwa heshima amenitumia nakala, kwa kuwa mimi ndiye nilimusumbua kwanza. Nimeisoma. Anakushukuru kwa uaminifu. Nafasi ya thèse «itaangaliwa upya», na sisi wawili tunajua maana ya kuangaliwa upya. Hilo linauma, lakini sitalilia leo. Soma mustari wa chini, mahali anapoonyesha namna watakavyorekebisha article: «Vipimo vya kituo cha Beni vya siku hizo vimeondolewa kwa sababu ya usumbufu wa kienyeji usiojulikana asili yake.»

Usiojulikana!

Umemuandikia asili yake kutoka gari mpaka kiti. Anajua nani alikufa, anajua nani alilia, anajua mpaka kahawa. Na anaandika usiojulikana. Wakati kilio kilikuwa kamba ya jua, kilikuwa na kurasa kumi na nne na rangi mbili. Kilipogeuka kuwa kilio, kimekuwa takataka ya kufagia. Hivyo ndivyo wanavyotuandika siku zote, Gamaliel. Huku kwetu watu wanakufa, kule kwao ni usumbufu.

Nilipigania jina lako juu ya jambo la uongo. Sasa pigania jina lake juu ya jambo la kweli. Waandike asili. Waandike kwamba siku zile kiwanja kilikuwa na kilio cha mwenyewe, Ézéchias Maliro, mutu aliyetoa udongo wake na kuulinda bila chuma. Ni mustari mumoja. Wana nafasi ya kushukuru mashirika yanayowapa pesa, watapata nafasi ya kumutaja marehemu mumoja.

Mimi sitawaandikia. Nimejifunza kiasi hicho. Ni wewe mwanawe, na ni wewe mwenye vipimo. Ukitaka, andika. Ukikataa, nitakasirika huku kwangu, peke yangu, nyuma ya mulango.

Orpa


Beni, tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili 2025

Shangazi,

Pole sana kwa baba Apollinaire. Hapa Mama ni muzima, magoti yanamuuma tu. Kakao tuliyoiokoa imekauka vizuri. Usiku tunasikia risasi, lakini mbali.

Niliandika. Sikutaka kukufurahisha, na nilikaa juma mbili bila kuandika kwa sababu tu ni wewe uliyetoa wazo. Halafu niliusoma tena ule mustari wake asubuhi moja, nikiwa nimepiga magoti kwenye lile shimo la mashine ninatoa maji ya mvua, nikaacha kazi na kuingia nyumbani kuandika.

Nilimuomba abadilishe. Alijibu kwa upole kwamba wachapishaji hawazoei mambo ya familia ndani ya kazi ya science. Nikamuandikia kwamba si jambo la familia, ni sababu. Kwamba sisi wapimaji tunafundishwa kusema wazi kila kitu kilichosogeza sindano, na kilichosogeza sindano ni watu mia mbili waliokuja kulala na Ézéchias Maliro usiku wake wa mwisho. Kwamba mutu akijua sababu na akaandika haijulikani, anasema uongo, kama mimi nilivyosema kwa kunyamaza.

Hakujibu. Basi juma hili nimechomoa waya unaotuma vipimo. Mashine bado inapima, sitaizima. Jua halina kosa. Lakini vipimo vinabaki ndani ya nyumba hii. Nimemuambia vitatoka siku ile mustari utakapotoka na jina la baba. Pengine atatafuta kiwanja kingine. Chuo changu kimeniita bureau, kimeniuliza kama nina akili. Nimesema ninayo. Thèse sijui. Usiseme kitu kwenye radio, hata kizuri.

Usiku niliposoma barua yangu kwa sauti, Mama alikuwa anachambua maharage. Nilifika kwenye jina la baba, akaacha mikono ndani ya kisahani. Hajataja jina lako tangu kilio, unajua. Nilimuambia kwamba wazo ni lako. Alichambua maharage yote yaliyobaki. Halafu akasema, na ninakuandikia vile alivyosema, sikufuta:

«Mwambie ule dada ya baba yako: kaburi haisikilizake radio. Akuje yeye mwenyewe.»

Gamaliel